"LIPA TU YAISHE": DENI LISILO LAKO HALIISHI KWA KULILIPA



Ndugu wasomaji, wazee wetu, mama zetu, na nyinyi vijana mnaosoma mashuleni na vyuoni,

Kuna neno limezoeleka sana miongoni mwetu, kuanzia hapa Biharwe mpaka Mbarara mjini, na kule Nakivale limekuwa kama uradi wa asubuhi na jioni: LIPA TU YAISHE. Chukueni mfano wa kampuni ndogo ya ndugu wawili, duka la unga na mafuta ya kula pamoja na mashine moja ya kusaga. Siku moja inaingia barua kutoka Mamlaka ya Mapato ya Uganda (URA) kwamba kampuni inadaiwa shilingi 2,400,000. Wenye duka wanapigwa na butwaa. Kodi ya mwaka walishalipa, risiti zimo ndani ya mfuko wa plastiki juu ya kabati. Wanamwendea mzee mwenye uzoefu wa biashara, wanamwendea kijana wa kompyuta, wanamuuliza hata imamu baada ya swala ya alasiri. Jibu ni moja. Serikali haishindwi, lipeni tu yaishe.

Mimi nasema ushauri huu ni mbaya, na wanaoutoa, ijapokuwa nia yao ni njema, wanawaangamiza ndugu zao. Milioni mbili na laki nne kwa duka kama hilo ni karo za watoto, ni mtaji wa magunia, na pengine ndiyo duka lenyewe. Tena ni ushauri usio na faida hata kwa yule anayetaka amani tu. Kwa nini? Kwa sababu deni la namna hii lina chanzo chake, na pesa unayolipa haigusi chanzo hicho. Mwakani litazaliwa jingine, sawa sawa na hilo, na utaambiwa tena ulipe yaishe.

DENI LILILOANGUKA KUTOKA MBINGUNI

Sisi wa Biharwe tuna mnara wetu wa kumbukumbu ya kupatwa kwa jua mwaka 1520. Wazee wa Ankole wanasimulia kwamba mfalme wa Bunyoro alikuwa akirejea na ng'ombe aliowateka vitani, mara jua likafunikwa mchana, askari wake wakatimka, ng'ombe wakabaki. Wenyeji wakasema ng'ombe wale wameanguka kutoka mbinguni. Basi siku hizi watu wetu wanapopata barua ya URA husema vivyo hivyo, deni limeanguka tu kutoka mbinguni. La hasha! Hakuna deni la kodi linaloanguka. Kila shilingi iliyomo kwenye leja ya URA iliandikwa na mtu au na mashine, siku fulani, kwa sababu fulani. Kazi yako ni kuitafuta sababu hiyo.

Turudi kwenye ile 2,400,000. Igawe kwa 12 utapata 200,000. Hapo mwenye kujua huanza kutabasamu. Sheria ya taratibu za kodi ya Uganda inasema asiyepeleka ritani kwa wakati anatozwa adhabu ya asilimia 2 ya kodi inayohusika au shilingi 200,000 kwa mwezi, kile kilicho kikubwa. Miezi kumi na miwili mara laki mbili ndiyo hiyo hiyo milioni mbili na laki nne. Kwa hiyo kampuni haidaiwi kodi hata senti moja. Inadaiwa adhabu ya kutopeleka ritani ya kila mwezi. Na ritani gani hupelekwa kila mwezi? Ya Kodi ya Ongezeko la Thamani, yaani VAT, ambayo tarehe yake ya mwisho ni 15 ya mwezi unaofuata. Sasa jiulizeni, duka la unga la Biharwe lina uhusiano gani na VAT? Sheria inamlazimisha kujisajili VAT mwenye mauzo yanayozidi milioni 150 kwa mwaka, au yanayozidi milioni 37 na nusu katika miezi mitatu. Duka letu halifiki hata nusu yake.

Basi ilikuwaje likasajiliwa? Hapa ndipo penye siri, na mambo haya yako wazi kwa kila aliyewahi kukaa kwenye foleni. Huwezi kupata leseni ya biashara bila namba ya mlipakodi (TIN). Mtu anahitaji leseni LEO kwa sababu maafisa wa halmashauri wanazunguka kufunga maduka. Anakwenda kwa kijana mwenye kompyuta pembeni ya barabara ya Masaka, anampa elfu ishirini, na yule kijana anajaza fomu mbio mbio huku akitia alama kwenye kila kisanduku anachokiona: kodi ya mapato, VAT, kodi ya mishahara. Mwenye duka anapewa karatasi yenye namba, anafurahi, anakwenda kuchukua leseni. Hajui kwamba tangu siku ile mashine ya URA inamsubiri kila mwezi alete ritani ya VAT, hata kama ni ya sifuri. Na barua pepe iliyoandikwa kwenye fomu ni ya kijana yule yule! Kwa hiyo maonyo yote yalikwenda kwake, naye keshahamia Kampala au keshabadilisha simu.

Mtasema, huyo si mkosaji ni kijana wa kompyuta, URA wana kosa gani? Nitafika hapo. Kwanza tumalize vyanzo vingine, kwani si VAT peke yake.

Kuna malipo yaliyokwenda mahali pasipo pake. Ulilipa kodi ya mapato ya mwaka ulioisha Juni, lakini namba ya malipo ilitengenezwa kwa mwaka mwingine au kwa aina nyingine ya kodi. Pesa imefika URA, haikupotea, ila imekaa kwenye chumba kingine. Kwenye chumba hiki unaonekana mdaiwa, na riba ya asilimia 2 kwa mwezi inaendelea kupanda. Kuna mzigo ulioingizwa mpakani na wakala wa forodha kwa TIN ya mtu mwingine, halafu mwenye TIN, ambaye hajawahi kuvuka Mutukula wala Katuna, anaulizwa mauzo ya mali hiyo yako wapi. Kuna miamala ya simu. Ndugu yetu anayefanya uwakala wa pesa za simu pale Base Camp hupitisha mikononi mwake mamilioni ya watu, na pato lake ni kamisheni tu; mwenye kuhesabu kila shilingi iliyopita kuwa ni mauzo atamtoa duka la kitajiri ambalo halipo.

Na kuna majina. Hili linatuhusu sisi zaidi kuliko wengine, nanyi nyote mnalijua. Mtu mmoja ameandikwa Mohamed kwenye kitambulisho cha ukimbizi, Muhammad kwenye hati ya kampuni, na Mahamud kwenye benki. Msomali anaitwa kwa jina lake, la baba na la babu, wala hana kile kinachoitwa jina la ukoo. Karani anamlazimisha kuwa nalo, leo anachukua la babu, kesho la baba. Mkongomani ana jina la kuzaliwa, jina la ubatizo aliloacha aliposilimu, na jina jipya. Matokeo yake mtu mmoja ana TIN mbili, analipia moja, nyingine inazaa adhabu. Tangu Julai 2025 sheria imeruhusu namba ya kitambulisho cha taifa itumike kuwa TIN, na kwa raia huenda jambo hili likapunguza mchanganyiko. Lakini mkimbizi wa Nakivale hana kitambulisho cha taifa cha Uganda. Yeye anabaki na majina yake matatu na karani wake.

NANI ALIYEANDIKA DENI HILI?

Ndugu Waislamu, katika Qur'ani tukufu aya iliyo ndefu kuliko zote ni ile ya 282 ya Surat al-Baqarah, na maudhui yake ni madeni na kuyaandika. Haina maelezo ya swala wala hija, inazungumzia daftari! Tunaisoma sana kwenye nikaha na kwenye mikopo ya sisi kwa sisi, lakini ni wachache wanaotua kwenye jambo moja lililomo. Mwandishi ameagizwa aandike kwa uadilifu. Na anayemsomea mwandishi cha kuandika, yaani anayetaja deni ni kiasi gani, ni yule ANAYEDAIWA, si anayedai. Akiwa hana uwezo wa kusema mwenyewe basi msimamizi wake atamsemea kwa uadilifu. Kisha wanatafutwa mashahidi.

Sasa itazameni leja ya kodi kwa jicho hilo. Anayedai ndiye mwandishi. Anayedai ndiye msomaji wa kiasi. Anayedai ndiye mwenye mashine, na mashine ndiyo shahidi wake. Mdaiwa anaambiwa matokeo kwa lugha asiyoijua, tena kupitia barua pepe ya mtu mwingine. Sisemi kwamba serikali haina haki ya kutoza kodi; Katiba ya Uganda katika kifungu cha 152 inasema kodi haitozwi ila kwa sheria ya Bunge, maana yake ikiwepo sheria inatozwa. Ninachosema ni kwamba aliyeshika kalamu peke yake amebeba jukumu la kalamu hiyo. Hawezi kuandika yeye, kukosea yeye, halafu kazi yote ya kusahihisha, na gharama yake, awe nayo yule asiyeshika hata wino.

Na hivyo ndivyo ilivyo. Sheria imeweka mzigo wa uthibitisho juu ya mlipakodi: ni wewe wa kuthibitisha kwamba makadirio yamezidi au yamekosewa, si wao kuthibitisha kwamba wamepatia. Wanasheria watatueleza kwamba ni kawaida duniani, kwa kuwa taarifa za biashara anazo mwenye biashara. Sawa, kwa mauzo yangu nakubali. Lakini kwa kosa lililo ndani ya kompyuta yao, mimi nitalithibitisha vipi? Nina ufunguo wa jengo lao?

Sasa wale waliosema mkosaji ni kijana wa kompyuta. Ni kweli kwamba alama kwenye visanduku alizitia yeye. Lakini mashine inayoweza kujua kwamba duka halikupeleka ritani kwa miezi kumi na miwili inashindwaje kujua kwamba duka hilo hilo limetangaza mauzo ya milioni 60 kwa mwaka, chini kabisa ya kiwango cha VAT? Taarifa zote mbili ziko kwao. Moja wanaiona, nyingine hawaioni. Mashine yenye jicho moja, na jicho hilo liko upande wa kudai!

WALIODHANI MASHINE HAIKOSEI

Wasomaji wetu mlioko Ulaya mtakumbuka yaliyotokea Uholanzi. Mamlaka ya kodi ya nchi ile iliwatuhumu maelfu kwa maelfu ya wazazi kwamba wamedanganya kwenye ruzuku ya malezi ya watoto, ikawataka warudishe kila kitu, mara nyingi kwa makosa madogo ya fomu kama sahihi iliyosahaulika. Wengi wao walikuwa na asili ya kigeni, na uraia wa mtu ulikuwa mojawapo ya mambo yaliyotumiwa kumpima kama ni wa kutiliwa shaka. Watu walipoteza nyumba, ndoa zikavunjika. Ukweli ulipofichuka serikali ya Waziri Mkuu Mark Rutte ilijiuzulu nzima nzima, Januari 2021. Uingereza nako kampuni ya posta iliwashitaki wenye vibanda vya posta kwa miaka, kuanzia 1999 hadi 2015, kwa sababu kompyuta iliyoitwa Horizon ilionyesha upungufu wa pesa ambao haukuwepo. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani. Wengi walijazia pengo kwa pesa zao wenyewe ili yaishe. Hayakuisha! Mwaka 2024 Bunge la Uingereza ilibidi litunge sheria maalumu ya kufuta hukumu zile.

Hao ni watu wenye shule, wenye mawakili na magazeti. Je, mama anayeuza vitenge Rubondo?

Karibu na kwetu, wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka Mei 2023 na tena Juni 2024, miongoni mwa malalamiko yao yakiwa ni makadirio na usumbufu wa kodi. Kampala nayo ilifunga maduka Aprili 2024 kwa ajili ya EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki, na ile faini ya milioni 6 iliyowatia watu hofu. Mgomo ukaenea miji mingine, Rais akakutana nao Kololo. Siwalaumu waliofunga. Lakini nauliza kwa nia njema, kati ya waliofunga duka wangapi waliwahi kuandika pingamizi hata moja? Kufunga kufuli ni jambo la dakika moja na wote wanakuona. Kuandika barua yenye hoja nne na viambatisho saba ni kazi ya usiku mzima, na hakuna anayekupigia makofi.

HAKI IPO, ILA INA TAREHE

Sheria ya Uganda inampa mlipakodi siku 45 tangu alipopokea uamuzi wa kodi kuweka pingamizi. Siku arubaini na tano, shikeni sana namba hii. Pingamizi halina sharti la kulipa kwanza. Hilo ndilo watu wengi hawalijui, wanadhani hutasikilizwa mpaka utoe pesa. Kamishna naye ana siku 90 za kujibu. Zikipita bila jibu, una haki ya kumwandikia kwamba unachukulia pingamizi lako kuwa limekubaliwa. Ukijibiwa vibaya, una siku 30 za kwenda kwenye Baraza la Rufani za Kodi, ambalo lina masjala hapa hapa Mbarara, huna haja ya kupanda basi la Kampala.

Hapo kwenye Baraza ndipo penye mwiba. Lazima ulipe asilimia 30 ya kodi inayobishaniwa, au sehemu usiyoibishania kama ni kubwa zaidi. Kwa deni letu la mfano ni shilingi 720,000 kabla hujafungua kinywa. Mahakama ya Juu iliulizwa jambo hili, na mwaka 2010 ikasema halivunji Katiba. Naheshimu mahakama, lakini sheria kutovunja Katiba hakumaanishi kuwa ni ya uadilifu. Tajiri mwenye kesi ya bilioni anakopa benki. Mwenye duka la unga atauza mashine ya kusaga ili apate nauli ya kuidai haki ya mashine ya kusaga. Bunge liangalie upya sharti hili kwa madeni madogo, na wabunge wa Mbarara na Isingiro wanaokuja misikitini kwetu wakati wa kampeni waulizwe hilo ana kwa ana.

Tena ndiyo maana nasema pigana mapema, kwenye hatua ya pingamizi ambayo haina malipo. Anayenyamaza siku 45 amejifungia mlango wa bure mwenyewe. Anaweza kuomba aongezewe muda, sheria inaruhusu kuomba kwa maandishi na kwa sababu, lakini kuomba si kupewa. Akinyamaza kabisa, URA wana uwezo wa kuiandikia benki yake barua ya kukamata pesa iliyomo, na benki itatoa. Asubuhi unakwenda kutoa pesa ya mzigo unakuta akaunti imekauka.

LUGHA

Hapa nitasema kwa uchungu kidogo. Sheria inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu kwa miaka mitano, na zikiwa si za Kiingereza Kamishna anaweza kumtaka alete tafsiri ya mtu anayekubalika, kwa gharama ya mlipakodi. Nakivale imekuwepo tangu mwisho wa miaka ya 1950. Wameingia Wanyarwanda, Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea. Sokoni wanaelewana kwa lugha gani? Kwa hii mnayoisoma sasa. Daftari za maduka yao zimeandikwa "mapato" na "matumizi" kwa Kiswahili safi. Na Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005! Zaidi ya miaka ishirini imepita. Katiba imesema itatumika pale Bunge litakapoagiza. Basi Bunge liagize hapa. Barua ya deni ikiandikwa kwa lugha rasmi ya pili ya nchi, na daftari la Kiswahili likapokelewa kama lilivyo, Uganda itapoteza nini? Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 imempa mkimbizi haki ya kufanya biashara na kumtaka mwenye kipato alipe kodi kama sheria zinavyosema. Vizuri. Anayetakiwa alipe aelezwe anachodaiwa kwa maneno anayoyafahamu.

Tanzania waliweka kwenye sheria mwaka 2019 ofisi ya msuluhishi wa malalamiko ya kodi, mtu wa kumpelekea lalamiko nje ya meza ya yule aliyekukadiria. Ofisi ya namna hiyo, yenye dawati Mbarara na mtu anayesema Kiswahili, ingefuta kesi nyingi kabla hazijawa kesi.

WENYE KUSEMA KODI NI HARAMU

Wapo ndugu zetu, wengi wao vijana, wanaosema barua hizi hazistahili hata kufunguliwa, kwani kodi ni dhulma na riba ya asilimia 2 kwa mwezi ni riba. Fatwa nawaachia masheikh, mimi si mtu wa fatwa. Ila nawaambia hivi: unayeichukia riba, je, njia ya kuiepuka ni kuiacha barua kwenye droo ikizaa riba mwezi baada ya mwezi? Au ni kuandika ndani ya siku 45 kwamba deni si langu? Mwenye kuikimbia riba kwa dhati ndiye angekuwa wa kwanza kuchukua kalamu. Kutofungua barua ni uvivu, tusiuvalishe kanzu.

Na wapo wa upande wa pili, wale wa "kuna kijana wangu ndani". Unampa laki tano, anakuambia faili limemalizwa. Hilo jina lake ni RUSHWA, na hukumu yake katika dini yetu haina mjadala. Ukiacha dhambi, hata kidunia ni hasara. Huna karatasi. Kijana akihamishwa, deni linarudi na wewe huna cha kuonyesha, maana hongo haina risiti.

DAFTARI LAKO NDIYO SILAHA YAKO

Kwa biashara zenye mauzo kati ya milioni 10 na milioni 150 kwa mwaka, tangu Julai 2020 sheria inatofautisha mwenye kumbukumbu na asiye nazo. Mwenye mauzo ya milioni 60 asiye na kumbukumbu analipa 400,000. Mwenye kumbukumbu analipa 180,000 na asilimia 0.6 ya kile kilichozidi milioni 50, yaani jumla 240,000. Tofauti ni 160,000 kila mwaka, kwa daftari la shilingi elfu tatu! Kwa mauzo ya milioni 100 ni 900,000 dhidi ya 500,000. Hiyo ni faida ya kawaida tu, kabla ya kosa lolote kutokea. Kosa likitokea, daftari ndilo litakalosema na wewe ukiwa umenyamaza.

Kwa ile kampuni yetu ya mfano barua ya pingamizi ingesema nini? Ingetaja namba na tarehe ya uamuzi unaopingwa, na siku ulipopokelewa. Ingesema kwamba mauzo ya kampuni ni milioni 60, na kuambatisha ritani ya kodi ya mapato iliyokwisha kupokelewa na URA wenyewe. Kwamba kiwango cha kulazimika kusajiliwa VAT ni milioni 150. Kwamba kampuni haikuwahi kutoza mteja VAT hata siku moja. Kwamba kwa hiyo usajili ule ulikuwa kosa na adhabu zake hazina msingi. Ingeomba adhabu ifutwe. Na barua ya pili, siku hiyo hiyo, ingeomba usajili wa VAT ufutwe, kwani bila barua hii ya pili mwezi ujao mashine itaandika laki mbili nyingine. Kisha badilisha barua pepe na namba ya simu iliyoko kwenye akaunti, iwe yako, nywila uitunze wewe. Chapisha kila ulichotuma chenye namba ya kupokelewa. Ukienda ofisini kwao omba jina la uliyezungumza naye na uliandike. Wengi wa maafisa hawa ni watu waungwana waliozidiwa na kazi, na mtu mwenye karatasi zilizopangwa wanamfurahia.

Kama deni ni lako kweli, lilipe. Ulipokea mzigo, uliuza, hukutangaza, halafu unatafuta kosa la herufi ili uponyoke? Makala hii haikuandikwa kwa ajili yako. Mwaka 2023 serikali ilitoa msamaha wa riba na adhabu kwa waliolipa kodi yenyewe, na muda wake ukaongezwa baadaye. Ulizeni ofisini kama mlango huo ungali wazi kwa deni lenu.

Nyinyi wanafunzi mlioko Mbarara, mnasoma Kiingereza kutwa nzima. Jumamosi moja tu kwa mwezi, mkirudi nyumbani, Biharwe au Nakivale, mwambieni baba au mama afungue ile akaunti ya URA mbele yenu. Someni leja mstari kwa mstari, mwambieni kwa Kiswahili kila mstari una maana gani, na mkiona msichokielewa hesabuni kwanza tangu tarehe yake zimepita siku ngapi.

Wabillaahi tawfiiq.